Isale ya Kocha

Mwaka ule migomba ilinyauka, tukala wali wa Chekereni, kule tambarare, mpaka watoto wakasahau mtori wa ndizi. Mjukuu wangu, niliyemlea mwenyewe, alikuwa beki wa timu ya chuo mjini Moshi, na nilijivuna naye kweli. Lakini wakikutana na timu zenye mbio, wenzake wote wanakuwa mbele wanatafuta bao. Mpira ukipotea, yeye yuko peke yake nyuma, na washambuliaji wanamjia kama nyuki. Walifungwa mpaka kocha akamtukana mbele ya watu, "Gogo wewe!" Akamfukuza.

Bila yeye wakafungwa zaidi. Ndipo kocha akapanda mlimani kwangu na jani la isale, ambalo kwetu Wachaga ukiletewa lazima usamehe.

"Shikamoo bibi. Naomba arudi."

"Marahaba. Na hao wengine watarudi nyuma kukaba?"

Akanisogezea lile jani tu.

"Mjukuu wangu si ukuta wa kupigiwa mipira."

"Lakini bibi, isale haikataliwi!"

Mjukuu wangu, aliyekaa kando yangu, akalia, mwanaume mzima. "Bibi, niache nirudi. Nitaishije bila mpira?"

Roho iliniuma, lakini lile jani sikulipokea.

"Mjukuu wangu si ukuta wa kupigiwa mipira."