Kioo cha Mama na Mnara wa Fizi

Vita vilipoanza kuchoka, mpangaji wa minara ya simu alifika Baraka kwa boti kutoka Uvira, akapata chumba kwetu. Alitandaza ramani kwenye meza yetu ya kulia ugali, akaanza kuchora kwa penseli miaka ambayo hakuna kati yetu aliyethubutu kuiwaza. Sisi tulikuwa tunapanga mambo ya hadi jioni tu. Yeye aliuliza mji utakuwa mkubwa kiasi gani watoto wa leo watakapokuwa wazazi, na akataka mnara wa kwanza uwe imara kupita mahitaji, ili baadaye ubebe vyombo ambavyo vilikuwa bado kutengenezwa. Nilikuwa nimemaliza shule tu. Nilimsikiliza hadi sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikaungua jikoni.

Mpango wake ulianza na Baraka. Vijiji vya kandokando ya ziwa vingefuata, na Fizi ingekuja mwisho pamoja na Misisi, amani ikikamilika. Lakini mama yangu alikuwa Fizi. Alikwenda kumuuguza bibi, kisha watu wa bunduki wakafunga barabara.

Nilimuuliza mpangaji kwa nini Fizi isubiri. Akaeleza kwamba mnara huongea na mwenzake kwa mstari ulionyooka. Mlima ukikaa katikati, mawasiliano hukatika. Hakuna ambaye angejenga mnara wa tatu njiani, kule walikolala wenye silaha. Labda kipatikane kilima upande wa Fizi kinachoiona Baraka moja kwa moja.

Papa, baba yangu, akaacha kula. Yeye ndiye aliyeendesha foni, ile redio ambayo mji mzima ulipangia foleni ili kuzungumza na ndugu wa mbali, kila mtu akimaliza kwa "ova" ili kumpa mwenzake zamu.

"Ile fasi tulikimbiliaka vita," akasema, "si tulikuwa tunaona moshi ya nyumba zetu?"

Ni kweli, na kilima kile kilikuwa upande wa Fizi. Kila familia kwetu ilichagua kujificha mahali ambapo ingeweza kuona paa lake. Mpangaji alisema moshi hautoshi. Alitaka mtu asimame pale na kioo kikubwa, alielekeze jua kwetu, na sisi tuuone mwanga kutoka mahali pa mnara wa Baraka.

Kioo kikubwa Fizi nzima alikuwa nacho mama. Tulipokimbia, wengine walibeba unga, yeye alifunga mgongoni kwa kitenge kioo cha kabati lake la ndoa. Njia nzima walimtania, wakimuuliza atakipika na nini. Tuliporudi Baraka, kilibaki kwa bibi.

Kesho yake Papa alimwita kwa foni, foleni yote ikisikiliza, akamweleza kazi. Sauti ya mama ilikuja na mikwaruzo.

"Ile kioo mulikuwa munacheka? Ova."

Foleni ikaangua kicheko. Papa alikiri kuwa ni kile kile.

Asubuhi iliyofuata tulisimama kwenye mwinuko nyuma ya mji. Ukungu ulifunika milima. Mpangaji aliweka darubini machoni, akaitoa, akaiweka tena. Boti ya kumrudisha Uvira ilikuwa ikipakia. Nilijiambia kwamba ukungu usipopasuka, mama atabaki mwisho wa karatasi, na mimi nitaendelea kupanga foleni ya foni ili nijue kama amelala salama.

Ukapasuka. Juu ya bega la mlima cheche ikawaka, ikazimika, ikawaka tena, nyeupe. Hatukuhitaji darubini. Mpangaji alisema yatosha, lakini mama hakuwa na namna ya kumsikia. Aliendelea kumulika, na Papa akachomoa kioo chake cha kunyolea, akamjibu. Mpangaji alipiga magoti kwenye majani, akafuta Fizi chini ya karatasi na kuiandika juu, kando ya Baraka.

Minara ilisimama, yote miwili, na ule wa Fizi uko pale pale tulipojificha. Simu ya kwanza kutoka kule niliipokea mimi, sokoni, katikati ya mafungu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu.

"Bibi anakusalimia," mama alisema, kisha akaongeza kwa mazoea ya foni: "Ova."

Nikamwambia kwamba sasa haina haja, aongee tu. Akaongea mpaka jua likageuka.