Bora Moyo Kuliko Ndevu

Mama Picha alikula kwa kusafisha nyuso za watu. Hakuna aliyeingia studio kwake kupigwa picha ya pasipoti akatoka na chunusi, alizifuta kwenye kompyuta moja moja, na makovu, na kidevu cha pili, mpaka mteja anauliza kwa furaha, "Huyu ni mimi kweli?" Uso wake mwenyewe sasa, jamani, haukuwa na kompyuta. Kila asubuhi alijifungia bafuni na wembe, akakwangua kidevu, akatoka na poda utadhani anakwenda harusini.

Miaka kumi na moja ya ndoa, mumewe hajui. Atajua nini, mwanaume ambaye hata pazia likibadilishwa haoni?

Kidevu kilipomtoka vipele vya wembe, akaona yamemfika shingoni, akaenda hospitali. Daktari, mwanamke asiye na maneno mengi, alimpima damu kisha akamwandikia vidonge.

"Hivi ni vya presha," alisema, "lakini vinaizuia ile homoni inayootesha ndevu. Utakwenda haja ndogo mara nyingi. Usishike mimba ukiwa unavimeza, uwe unakuja tupime damu, na uvumilie miezi sita."

"Miezi sita, daktari?"

"Ndevu zenyewe umekaa nazo miaka mingapi?"

Mama Picha akaenda akavinunua. Vidonge akavificha mfukoni mwa koti. Koti hilo hilo wifi yake akaja kuliazima, na wifi huyo ni mtu wa kusoma mpaka karatasi ya sabuni. Akasoma na karatasi ya dawa: presha, moyo kushindwa kazi, maji kujaa mwilini. Ndevu hazikutajwa popote. Jua halijazama, ukoo mzima unajua kwamba Mama Picha anaumwa moyo, tena ndiyo maana haishi kukimbilia chooni.

Mume akaosha vyombo, mara ya kwanza tangu azaliwe. Mama mkwe, aliyezoea kumwita "huyo," akaanza kumwita "mwanangu." Angeweza kusema ukweli siku hiyo hiyo. Hakusema. Moyo ni ugonjwa wa heshima bwana, watu wanakupa pole. Ndevu watakupa nini zaidi ya kicheko? Akawa akiona vyombo vimejaa anashika kifua, anakaa.

Jumapili moja mama mkwe akaja na wifi, wakaketi sebuleni na nyuso za msiba.

"Mwanangu, tumewafikiria watoto wako, watabaki na nani," alianza mama mkwe. "Kuna binti mmoja mpole, mchapakazi. Tukasema mwenzio amuoe, aanze kuizoea nyumba mapema, wewe ukiwa bado upo."

Mama Picha akamgeukia mumewe. Mume anaangalia vidole vya miguu. Hakusema ndiyo, lakini hata hapana hakusema, na hapo ndipo alipomchoma.

"Nikiwa bado nipo?" Akasimama, akavuta kanga, akafuta poda yote. "Siumwi moyo mimi! Nina ndevu! Dawa zile ni za ndevu! Tazameni basi!"

Wakatazama vile vishina vya ndevu. Wifi akaziba mdomo. Mama mkwe ndiye aliyewahi kujikusanya.

"Hili lisitoke humu ndani," alisema. "Mtu akiuliza, ni moyo."

Mume akatikisa kichwa haraka haraka kukubali. Mama Picha akaona aibu, maana wiki zote zile alikuwa akijiambia maneno hayo hayo.

Mlango ukagongwa. Akaingia jirani yake, macho mekundu.

"Shoga yangu, moyo unaendeleaje?"

Mama mkwe akakohoa kwa nguvu.

"Moyo mzima, shoga," alisema Mama Picha. "Ninachotibiwa ni ndevu."

Jirani akasogea, akakiangalia kile kidevu, akaachia msonyo mrefu.

"Ndevu tu? Na mimi nimelia wiki nzima!"