Sukari Chini ya Kitanda cha Theopista

Mwaka ule sukari iliadimika Kariakoo, na ukoo mzima ukaamua kumpenda Theopista kwa sukari. Alikuwa mjamzito. Kila ndugu aliyebahatika kupata mgawo wake kwenye duka la ushirika alimega kidogo, akafunga kwenye karatasi, akampelekea. Mama mkwe wake, Severa, aliyeshuka kutoka Kibosho kuja kumtunza, alizipanga pakiti hizo chini ya kitanda na kumkorogea chai nzito kama asali.

Theopista aliinywa. Daktari alikwisha kumwambia ana kisukari cha mimba, na kwamba huenda ndicho kilichomkuza kupita kiasi mtoto wake wa kwanza, aliyefariki siku ya kuzaliwa. Kila asubuhi alichomwa sindano ya kushusha sukari zahanati, kisha akarudi kwenye kikombe kile kile, maana kwao mkaza mwana harudishi kikombe cha mama mkwe. Huo si utii. Ni woga uliojitanda kanga ya heshima.

Siku moja alichemsha mkojo wake na dawa ya buluu aliyopewa ajipimie sukari nyumbani. Dawa ikageuka rangi ya tofali. Severa, aliyekuwa mlangoni, akauliza anapika nini.

"Hii ni sukari ya chai yako, mama. Ikinizidi, inamfikia mtoto."

Severa akauliza kama ndiyo iliyomchukua yule wa kwanza. Theopista akajibu kwamba daktari anadhani hivyo.

"Na bado ukawa unakunywa?"

"Nilikuogopa."

"Unaniogopa mimi, kaburi huliogopi?"

Tangu hapo Severa akawa askari. Ndizi mbivu za wageni ziliishia mlangoni. Alitaka hata kumnyima ugali, mpaka alipoelezwa kuwa mwenye sindano asipokula huanguka. Ale kidogo kidogo, maharage na mchicha visikosekane. Jioni walitembea pamoja hadi Mnazi Mmoja, Severa akivilaani viatu vyake njia nzima. Asubuhi alidai kuiona ile dawa kwa macho yake. Ikibaki buluu, alifanya ishara ya msalaba.

Mtoto wa kike alizaliwa wa kadiri, akilia kwa hasira. Baba yake, Polycarp, akasema mbona mdogo. Severa akamwambia mwanawe anyamaze.

Kisha Severa akazivuta pakiti zote, akachemsha sufuria kubwa ya chai, na ndugu waliojaa sebuleni wakanywa sukari yao wenyewe. Kikombe cha mwisho akampelekea Theopista.

"Chako hakijatiwa kitu," alisema.

Theopista akakimaliza chote.