Punda wa Nyanya Aliyeuzwa Siku ya Sabato

Wiki iliyopita nilikuwa soko la Daraja Mbili nikichagua ndizi za kupika, punda akalia nyuma ya vibanda vya mitumba. Mlio ule ule ninaoujua: unaanza kama mlango mbovu, unapanda, kisha unakatika kwa kikohozi. Mama aliyekuwa akiniuzia akacheka. Mimi sikucheka. Niliirudisha chane niliyokuwa nimeishika, na hasira niliyodhani imezeeka ikanipanda upya. Basi kaa, rafiki yangu, nikueleze, ila usitarajie nikusimulie kwa upole.

Nililelewa na nyanya, mama yake baba, kwenye kilima kimoja ng'ambo ya Nyamache. Wazazi wangu walikuwa wakichuma chai Kericho. Nyumba ilikuwa juu, chemchemi ilikuwa chini kabisa bondeni, na katikati kulikuwa na kijia cha udongo mwekundu ambacho mvua ikinyesha kilikuwa kama kimepakwa sabuni. Nyanya alikuwa na punda jike wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika. Alimwita etigere, yaani punda kwa Ekegusii, basi. Hakumpa jina jingine, lakini namna alivyolitamka neno hilo, ungedhani anamwita dada yake.

Asubuhi kabla ya shule tulimtandika gunia tulilolijaza majani makavu ya migomba, tukamfungia mitungi, tukashuka naye. Bondeni kulinuka mikaratusi na matope baridi. Tukipanda, mimi nilishika kamba ya gunia ili nisiteleze, naye alinivuta taratibu bila kulalamika. Mchana alibeba majani chai kutoka shambani hadi kituo cha kuuzia. Siku ya soko alibeba ndizi. Jirani yetu, mjane aliyekuwa akichechemea tangu kuzaliwa, hakuwahi kushuka chemchemini. Maji yake yote yalipanda kwa mgongo wa punda yule. Jioni nyanya alimpa maganda ya ndizi na chumvi kidogo kiganjani. Alikuwa akisema, "Anayekubebea maji, usimtukane ukiwa na kiu." Nami nikiosha chinsaga, mboga zetu chungu, za kula na ugali wa wimbi, nilisikia ulimi wake mkavu ukilamba mkono wa nyanya.

Jumamosi punda hakubeba kitu. Nyanya alikuwa Msabato wa kweli kweli, na alitukumbusha kwamba katika amri ya Sabato punda ametajwa waziwazi kuwa naye apumzike. Ijumaa tulipika mapema na kuteka maji ya siku mbili. Sabato tuliondoka kwenda kanisani tukimwacha punda amefungwa kwenye mparachichi nyuma ya jiko, akila nyasi, mgongo wake mtupu.

Baba mdogo alilijua hilo vizuri. Alikuwa kitinda mimba wa nyanya, amejenga chini kidogo ya nyumba yetu, na kanisani alikuwa ameacha kwenda. Wakati huo watu wa malori walikuwa wakizunguka masokoni kununua punda. Walisema ngozi zinapelekwa ng'ambo kutengenezewa dawa. Punda walikuwa wakiibwa Nyamarambe, wakiibwa kila mahali, wengine wakichunwa vichakani na mizoga kuachiwa mbwa. Wetu hakuibwa. Wetu aliuzwa na mtoto wa nyumbani, jua likiwaka, sisi tukiimba kanisani.

Tulirudi tukakuta kamba kwenye mparachichi na kinyesi ambacho hakijakauka. Nyanya aliita, "Etigere! Etigere!" akizunguka nyumba na Biblia bado mkononi. Mimi nilikimbia hadi kwa mjane. Aliketi mlangoni akilia. Alikuwa ameona kila kitu: baba mdogo akiongoza, wanaume wawili wakisukuma, punda akikita miguu chini asipande lori.

Baba mdogo alipotokea jioni alikuwa anaendesha pikipiki, kiti bado kina nailoni ya dukani.

"Punda wangu yuko wapi?" nyanya alimuuliza.

"Mama, siku hizi ni pikipiki. Nitakuletea maji mimi mwenyewe."

"Nimekuuliza punda wangu yuko wapi."

"Ni punda tu, mama! Alikuwa mzee. Angekufa, tungemzika bure."

"Na mimi ni mzee," nyanya akasema. "Mimi utaniuza lini?"

Mjane alikuwa amejikokota hadi uani. Yeye hakuwa na simile. "Umenikata mguu uliobaki," alimwambia. "Mungu akuone." Baba mdogo alicheka, akapiga honi, akaondoka.

Jumatatu alikuja na pikipiki yake kuteka maji, nadhani kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Alifika pale kijia kinapoanza kushuka, akatazama chini, akageuza. Pikipiki haikuweza. Hata mtoto angemwambia hivyo. Hakujaribu tena. Alibeba abiria barabarani, na sisi tukabeba maji kwa migongo yetu, yetu na ya mjane. Nilichelewa shule, nikachapwa, na sikumweleza mwalimu chochote kwa sababu aibu ya ukoo haipelekwi darasani.

Mvua za masika zilipoanza, nyanya aliteleza akiwa na mtungi mgongoni. Nilikuwa nyuma yake. Nilisikia mfupa ukivunjika. Wanaume wanne walimpandisha kwa machela ya miti, na tangu siku hiyo hakukanyaga soko wala kanisa. Baba mdogo alileta mkate na sukari. Nyanya alinituma niwamwagie kuku mkate wote, mwanawe akiwa bado amesimama mlangoni. Baadaye alileta tangi la maji. Nyanya alikataa lisishushwe. "Aliuza mgongo wangu," alisema, "sasa anataka kuniosha miguu." Wazee wa kanisa walikuja kuwapatanisha wakaondoka kama walivyokuja. Nyanya alikufa bila kula nyumbani mwa mwanawe, na mimi nimeendelea pale alipoachia. Watu huniambia nisamehe, eti alikuwa kijana, eti umaskini. Wote tulikuwa maskini. Mjane alikuwa maskini kuliko yeye.

Siku hizi kuna bomba barabarani, maji huja yanapotaka. Kijia kimemezwa na magugu. Ukimwambia mtu palikuwa na njia pale, anakuangalia mara mbili. Harufu ya punda aliyelowa, sauti ya kwato juu ya mawe asubuhi, nyanya akiita bondeni, hivyo vyote vimekwisha, na hakuna aliyeniomba radhi.

Juzi nikiwa nyumbani kwa nyanya kule kilimani, binti mdogo wa baba mdogo aliniletea chai. Ni mtoto mzuri, sina neno naye. Akaketi karibu yangu, akaniuliza kama ni kweli nyanya alikuwa na punda.

"Ni kweli," nikamwambia.

"Alienda wapi?"

Baba mdogo alikuwa kwenye kiti chake mlangoni kwake, pale chini kidogo, akijifanya amelala.

"Muulize babako," nikasema, kwa sauti ya kumfikia.