Harufu ya Petroli Kwenye Ndege ya Masanja

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyoweka sindano chini nikamwambia mume wangu kwamba sitaishona ndege yake mpaka harufu ya petroli iishe.

Usishangae nikisema kushona ndege. Ndege ndogo za kujitengenezea, kama ile ya Masanja, zilikuwa na mifupa ya mbao na mabomba, na juu yake ngozi ya kitambaa cha pamba kilichopakwa dawa mpaka kikakaza kama ngoma. Mimi nilikuwa fundi cherehani pale Songwa, jirani na mgodi wa almasi, na kitambaa chote cha ndege ile kilipita mikononi mwangu. Miaka ya sabini ilikuwa inaishia. Masanja alijifunza kurusha ndege jeshini, kisha akaajiriwa karakana ya mgodini, na jioni zake zote zilimalizikia kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yetu.

Injini aliitoa kwenye gari lililopinduka njia ya Mwanza. Haikuwa injini ya kawaida. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani mna chuma cha pembe tatu kinachozunguka tu, ndiyo maana ni nyepesi na haitikisiki sana. Masanja aliipenda kama kijana anavyompenda ng'ombe wake wa kwanza. Ila ekzosi yake, lile bomba la kutolea moshi, mwanangu, hupata moto wa kutisha.

Ruhusa ya kurusha ikapatikana. Wafanyakazi wenzake wakaanza kuulizana nani atakuja kutazama. Na mimi ndipo nilipoanza kusikia harufu. Si kila wakati. Masanja akishaiwasha injini na kuizima, nikiingia bandani naikuta, nyembamba, imejificha chini ya harufu ya dawa ya kitambaa. Nikamwambia. Akakagua tangi, akapapasa mipira ya petroli, akalala chini ya tumbo la ndege na tochi. Pakavu.

"Ni mimba hiyo," akasema akicheka. "Juzi ulisema hata ugali unanuka."

Kweli nilikuwa na mimba kubwa, ya dada yenu mkubwa huyu, na kweli nilisema hivyo kuhusu ugali. Siku nyingine nikamwambia tena, akakagua tena, pakavu. Mara ya tatu hakucheka. Alisema nina woga, nauvika jina la harufu. Neno hilo liliniuma kwa sababu woga nilikuwa nao pia, na sikujua nitautenganishaje na pua yangu.

Kilikuwa kimebaki kipande cha kitambaa chini ya miguu ya rubani, tulichokifungua ili mabomba ya petroli yakaguliwe. Nikakataa kukifunga. Masanja akasema atashona mwenyewe. Tulilala bila kuagana.

Asubuhi nikapanda lori la pamba kwenda Shinyanga mjini, na tumbo langu lile. Nilikwenda kwa Mzee Rajabu, fundi wa ndege mstaafu aliyezaliwa Tanga na kuoa mjini pale. Ndiye aliyemfundisha Masanja kazi zamani. Nilimkuta barazani anakunywa kahawa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Nani amekuruhusu kupanda lori na hali hiyo?"

"Hakuna aliyeniruhusu," nikasema, nikamweleza yote. Nilitegemea anitulize. Badala yake akaniuliza: harufu inakuja injini ikiwa ya moto au ya baridi? Pua ya ndege ikitazama wapi? Hakuuliza hata mara moja kama nina hakika. Akavaa viatu.

Masanja alipotuona tunashuka pamoja kwenye lori, uso ulimbadilika. Alimwamkia mzee kwa adabu, kisha akanivuta pembeni. "Umeniaibisha," akasema.

Mzee Rajabu alifunga bomba la petroli upande mmoja, akasukuma hewa kwa pampu ya baiskeli, akapaka maji ya sabuni kwenye maungio yote. Hakuna palipotoa povu. Masanja akanitazama. Nilitamani ardhi inimeze, mwanangu. Lakini mzee akafuta sabuni na kuomba chaki.

"Tumeipima ikiwa baridi," akamwambia Masanja. "Huko juu utapaa na injini baridi?"

Alisaga chaki na maji, akapaka maungio yote yakawa meupe, akaacha yakauke. Ndege ikasukumwa nje, mkia ukashushwa kwenye mtaro ili pua itazame juu kama inayopaa, ndoo za mchanga zikapangwa karibu. Mimi nikaambiwa nikae mbali. Injini iliunguruma mpaka ekzosi ikaiva wekundu, kisha mzee akainua mkono: zima.

Akachungulia, akamwita Masanja kwa kidole. Nyuma ya ekzosi, pale bomba la shaba linapoingia kwenye nati, chaki nyeupe ilikuwa na doa la rangi ya chai. Walipofungua waliona mdomo wa bomba una ufa mwembamba kama unywele. Likiwa baridi, ufa unajifunga. Likipata moto unafunguka, petroli inatoka kidogo na kukauka palepale kwa joto, haiachi unyevu wa kupapasa. Inaacha harufu tu. Na pembeni yake chuma chekundu.

Masanja alikaa chini kwenye vumbi. Mzee Rajabu hakumfokea. Alimwuliza tu, "Ulipokuwa unakagua, ulikuwa unatafuta petroli, au unatafuta kumaliza maneno?"

Bomba lilihamishiwa upande wa pili, mbali na moto, likakingwa kwa bati. Likapimwa moto na baridi, siku baada ya siku, mpaka hata mimi nikaingia bandani nisisikie kitu. Usiku mmoja Masanja aliniambia, "Nilitaka uwe umekosea." Sikuwahi kusikia neno gumu kama hilo kutoka kwake, wala lililonipa amani kama hilo. Nilikishona kile kipande mwenyewe. Dada yenu akiwa amekwisha zaliwa, yuko mgongoni mwangu, Masanja aliruka, akazunguka juu ya mashamba ya pamba, akatua, akashuka.

Basi sikia, mwanangu. Mtu wako akikwambia kuna jambo halijakaa sawa, nawe ukatafuta usilione, usimwambie halipo. Mwambie hujaliona bado. Kisha ulitafute katika hali ileile linapotokea, si katika hali inayokufaa wewe. Na ikiwa ni wewe uliyeliona, ukachekwa, ukaitwa mwoga, usipige kelele na usinyamaze. Nenda kwa anayejua kuuliza maswali, hata kama nyumbani watanuna. Kununa kunapita.

Mungu akujalie watu wa kukuambia ukweli mapema, na akupe masikio ya kuwasikia kabla hujapaa. Kila utakapokwenda, urudi salama kwa wanaokungoja. Amina.