Fundi Aliyesalimia Gotu kwa Redio

Saa moja asubuhi, jua la Isiolo limeshaanza kuuma, na Kiugu Ntongai anaanika betri. Amezipanga juu ya kipande cha bati mbele ya kibanda chake, kubwa kando na ndogo kando, kama mtu anayeanika mahindi.

"Fundi, zikiiva utuite!" mpita njia anamtania.

"Njoo na ugali wako kabisa!" Kiugu anamjibu bila kuinua kichwa.

Betri iliyochoka ikipigwa na jua hupata nguvu kidogo, ya kutosha taarifa ya habari moja au mbili. Kiugu huwaanikia wateja wasio na pesa za betri mpya, na hawatozi kitu. Ndani ya kibanda, chuma cha kulehemu kinashika moto kwenye jiko la makaa. Redio zimekaa kwenye rafu zikiwa wazi matumbo, moja imefungwa kwa ukanda wa ngozi ya mbuzi. Inayozungumza ni moja tu, ya fundi mwenyewe, na haizimwi mchana kutwa.

"Watu hudhani nasikiliza muziki," anasema. "Mimi nasikiliza kazi."

Lakini mwaka huu wa 1986 kazi imekuwa haba. Rafu ambazo zamani zilikuwa hazina nafasi ya kuweka hata kiberiti, sasa zina mapengo. Kaka yake amemwekea nafasi ya kufunga miraa kwao, mjini Maua, na mkewe, Kinya, amekwisha kutia sufuria kwenye katoni. Mwezi ukiisha bila wateja wa kijiji cha Gotu kurudi, Kiugu atafunga mlango na kupanda zake mlimani.

Inauma, maana kibanda hiki alikijenga kwa salamu. Ndiyo, salamu!

Alishuka Isiolo mwaka wa 1974 akiwa na bisibisi tatu na ufundi aliofunzwa na mjomba wake Meru mjini. Hakuwa na ndugu hapa, wala hakuna aliyemjua. "Nilikaa nikiangalia barabara," anakumbuka. "Wateja wangu walikuwa nzi, nao hawakuwa na redio."

Siku moja akaona jambo. Kipindi cha salamu kikianza redioni, mji mzima unanyamaza. Mwenye hoteli anaacha kumimina chai, mpiga pasi anainua pasi juu. Kila mtu anasubiri kusikia nani kamkumbuka nani. Kiugu akaenda dukani, akanunua kadi za salamu, zile za kujaza majina na kutuma redioni kwa posta.

Kutoka hapo, kila aliyemletea redio, Kiugu alimsalimia hewani kwa jina lake na kwa mahali pake. Watu wa Gotu, Ngaremara na Burat walikuwa wakiacha redio na kurudi kwa mifugo yao, na huko hakuna simu. Basi ikawa desturi: ukisikia fundi amekusalimia, redio yako imepona, njoo uichukue.

Lakini mwenyewe atasikiaje, na redio yake iko kwa fundi?

Kiugu anacheka mpaka anaweka chuma chini. "Huo ndio utamu wenyewe! Hasikii yeye, anasikia jirani. Jirani anakuja mbio, 'Umesalimiwa! Umesalimiwa!' Siku hiyo manyatta nzima inajua Fundi Kiugu amemaliza kazi."

Kadi zilichelewa, wiki tatu, pengine mwezi, lakini hakuna aliyenung'unika. Kuitwa kwa jina mbele ya Kenya nzima si jambo la kila siku. Kufikia mwaka wa 1984, zaidi ya nusu ya redio kwenye rafu zake zilitoka Gotu.

Wafanyabiashara wenzake nao wakaanza kuja kumuuliza siri. Gaceri, anayeuza miraa kibanda cha pili, alitaka kuwasalimia madereva wa malori ya kaskazini.

"Akaniambia nisitaje miraa hata kidogo," Gaceri anasimulia. "Alisema, 'Ukianza kusifu bidhaa, watu wanazima redio. Salimia mtu. Akija kushukuru, atauona mzigo mwenyewe.' Tena akaniambia, 'Ukimsalimia dereva, msalimie na mama wa nyumba, la sivyo unamtafutia vita!'"

"Si nilikuokoa?" Kiugu anadakia kutoka ndani.

"Uliniokoa mimi, wewe mwenyewe ukazama," Gaceri anamjibu, na wote wawili wanacheka, ingawa cha Kiugu ni kicheko kifupi.

Alizama mwaka jana. Mteja wake mmoja wa Gotu, Bonaya Dida, alikuwa ameleta redio iliyokufa sauti. Kiugu aliitengeneza, kisha akajaza kadi kama kawaida. Mtangazaji akaisoma vizuri kabisa: salamu zimwendee Bonaya Dida wa Gotu, pamoja na boma lake lote.

Boma lake? Boma lile si la Bonaya. Ni la kaka yake mkubwa, Mzee Chachu Dida. Kwa Waborana, hangafa, yaani mtoto wa kiume wa kwanza, ndiye anayesimama mahali pa baba. Mdogo wake hamtangulii kuongea, hamtangulii kunywa, seuze kutangazwa mwenye nyumba. Siku hiyo Mzee Chachu alikuwa na wageni, na mmoja wao alikuwa amekuja na redio yake. Wageni walimtazama mwenye boma. Mwenye boma akatazama kikombe chake.

Bonaya alikuja, akalipa, akachukua redio na kwenda. Chai aliikataa. Baada ya hapo Gotu ikakauka. Kiugu alikuwa akiona redio zinapita mbele ya kibanda chake mikononi mwa watu aliowajua, zinapandishwa basi la Meru.

"Nikiuliza, naambiwa, 'Hakuna neno, fundi, amani tu,'" anasema. "Mtu wa Gotu akikwambia amani tu halafu hakai kunywa chai, jua mambo yameharibika."

Aliyemfungua macho ni Abiba, mama anayeleta maziwa ya ngamia sokoni. Alitua mitungi yake, akamweleza yote, kisha akamwambia, "Wewe mtu wa Meru, miaka kumi na miwili umekaa hapa. Hata kuuliza nani mkubwa hukuuliza?"

Kiugu alitaka kujaza kadi nyingine palepale, ya kuomba radhi. Kinya akaipokonya.

"Ulimkosea hewani, sasa unataka kumrudisha hewani?" akamwambia. "Wale ambao hawakusikia mara ya kwanza wasikie sasa? Baba Kagure, nenda kwa mtu nyumbani kwake!"

Basi akaenda. Alipanda lori la Merti, linalopitia Gotu, akiwa na sukari, majani ya chai, na buni za kahawa alizoambiwa na Abiba asithubutu kuzisahau. Miaka yote hiyo alikuwa akituma jina lake Gotu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuikanyaga.

"Salaam aleikum," akabisha. Mzee Chachu akaitikia, akamkalisha, akaanza kumjulia hali. Maua kuna amani? Mvua imenyesha? Mbuzi wana amani? Watoto je, na mama yao? Na Isiolo, na barabara? Kiugu alikuwa amebeba radhi yake mdomoni tangu asubuhi, ikimchoma, lakini kila alipofungua kinywa, mzee aliuliza amani nyingine. Hapo ndipo alipoelewa. Yeye aliyejiona bingwa wa salamu alikuwa hajawahi kumaliza hata moja.

Alipopewa nafasi, alisema kosa lake lote bila kujitetea.

"Jina langu halikupungua," Mzee Chachu akamwambia. "Lakini nilijiuliza, huyu anasalimia watu, au anaita wateja?"

Mzee akaagiza maziwa, mgeni akanywa. Alipoaga, aliambiwa neno moja tu: "Tumesikia."

"Tumesikia!" Kiugu anarudia, akitikisa kichwa. "Ni ndiyo au ni hapana? Mwezi mmoja na nusu sasa najiuliza. Lakini haki ya Mungu, yale maziwa yalinipa amani. Hata nikienda Maua, nitaenda nikiwa mtu."

Saa tisa alasiri, kipindi cha salamu kinaanza. Gaceri anasogeza kigoda chake karibu na mlango, kama anavyofanya kila siku. Zinasomwa salamu za Kitale, za Voi, za askari mmoja anayemsalimia mchumba wake na ukoo mzima wa mchumba. Kiugu anachokonoa waya, nusu anasikiliza, nusu yuko Maua.

Halafu mtangazaji anasema: "Kutoka Gotu, Isiolo, ni yeye Chachu Dida, hangafa, akiwa na mdogo wake Bonaya na boma la Chachu lote. Wanamsalimu Kiugu Ntongai, fundi wetu, mama wa nyumba Kinya, na watoto. Ujumbe wao: redio yetu inakohoa, tunakungoja."

Bisibisi inaanguka. Miaka kumi na miwili amewasalimia watu wa nchi hii, na leo ndiyo mara ya kwanza jina lake kusomwa kutoka kwenye kadi iliyojazwa na mwingine. Kumbe muda wote aliokuwa akihesabu mapengo ya rafu, kadi ilikuwa njiani.

"Wacha wee!" Gaceri amesimama, anapiga makofi. "Fundi wetu! Umesikia? Wamesema fundi wetu!"

Kinya anatokea nyuma ya kibanda, wanakoishi, mikono ina povu la sabuni. Jirani yake amemwambia. Anamtazama mumewe, anaona machozi, anajifanya hajayaona. Kisha anaivuta ile katoni, anaikata kamba, anatoa sufuria.

"Nani anataka chai?" anauliza.

Chai inanyweka mpaka barazani. Kiugu, machozi yakiwa yamekauka, anapanga mipango. Hatafunga kibanda. Kila mwezi atachukua siku ya Gotu na siku ya Ngaremara, akatengeneze redio hukohuko, akijua sasa anaingia kwa nani na nani humtangulia nani. Gaceri anamuuliza kama atajibu salamu za mzee leo, maana posta haijafungwa.

Kiugu anatoa kadi mpya, anaitazama, anaitia mfukoni ikiwa tupu.

"Kesho kuna lori," anasema. "Hii nitaijaza Gotu, mzee akiwa amekaa kando yangu."