Upepo wa Kupakia Rangi

Baba alikuwa akitengeneza malori ya mbao, madogo, marefu kuliko kiganja kwa vidole viwili tu. Hayakuwa ya kuchezea. Alikwenda na kamba hadi kwenye lori lililoegeshwa sokoni Kivinje, akalipima kutoka taa hadi mkia, na kila dhiraa ya lori lile ikawa upana wa kidole chake kwenye mti. Milango ilifunguka. Rangi alipaka kwa brashi na michirizi ilionekana, lakini wanunuzi wake walikuwa watu wa hapa hapa, hawakulalamika.

Alipofariki, mama alikuwa amemtangulia kwa miaka miwili. Siku ya arobaini, baada ya hitima, wakubwa walikaa kugawana watoto kama ilivyo desturi. Mimi nilikuwa kijana tayari, nimeacha shule darasa la tatu ili nimsaidie baba, kwa hiyo hakuna aliyenigombea. Shangazi wa Songo Songo alimtaka mdogo wangu wa kike. Mjomba, Mmwera wa Nyangamara, alimtaka wa kiume, na kwao neno la mjomba juu ya watoto wa dada yake halipingwi. Nililipinga. Nilisema nitawalea mwenyewe kwa kazi ya baba.

Mjomba hakukasirika. "Mpwa wangu, mbao haziliwi," alisema, na watu wakacheka. "Lakini nakupa mpaka korosho zianze kudondoka. Nikija nikakuta sufuria iko mekoni, narudi peke yangu." Shangazi naye akakubali kungoja.

Nikapeleka malori mawili Lindi kwa mwenye duka mmoja wa Kihindi aliyeuza vitu kwenye makabati ya vioo. Aliyageuza, akafungua milango na kuifunga. Akasema useremala ni safi ila rangi ni ya mlango wa choo. Nikimletea yaliyopakwa kama lori la kweli, bila mchirizi, atayaweka kwenye kioo na kuchukua yote nitakayotengeneza.

Rangi ya namna ile hupulizwa. Nilikwenda gereji nyuma ya soko kuona inavyofanywa. Palikuwa na mashine yenye injini, tangi la upepo na mpira mrefu. Nilipouliza bei, fundi alinitazama miguu, pekupeku, akaendelea na kazi yake.

Nyumbani nikajaribu nilivyoviweza. Nilianza na mdomo: vijibomba viwili vyembamba, kimoja ndani ya rangi, kingine nikipuliza juu yake. Kichwa kiliniuma, na mate yalidondokea kwenye rangi. Bomba la dawa ya mbu lilitema matone makubwa. Pampu ya baiskeli ilitoa upepo wa vipande vipande, na rangi ikakaa ngazi ngazi. Mivukuto ya mhunzi ilikuwa na upepo mwingi usio na nguvu. Hapo nikaelewa kwamba nahitaji upepo wenye nguvu, tena usiokatika, na kwamba tairi la gari huuhifadhi upepo wa namna hiyo kutwa nzima. Nikarudi gereji na baiskeli ya baba. Nikaiacha pale, nikatoka na pampu kuukuu ya kukanyaga kwa mguu na mpira wa ndani wa tairi la lori, wenye viraka.

"Ngozi ya ndani ya pampu imekauka," fundi aliniambia. "Ilainishe, itavuta."

Kwetu, kitu kisichotakiwa kukauka hupakwa sifa, mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini. Nikamimina kijiko kizima. Pampu ikavuta vizuri sana. Wadogo zangu walikanyaga kwa zamu mpaka mpira ukavimba.

"Una uzito wa kifaranga," dada alimwambia mwenzake. "Shuka, nikanyage mimi."

"Na wewe unakanyaga kama bibi harusi."

Nikaunga bomba kwenye mdomo wa mpira, na vile vijibomba viwili mwishoni mwake, nikafungulia. Rangi ikatoka kama ukungu, laini. Lakini kabla haijakauka ilianza kujivuta na kuacha vijicho vya mviringo, mti ukionekana ndani yake. Nikadhani ni rangi mbovu, nikaizimua. Vijicho vikarudi. Nikadhani ni mbao, nikazipiga msasa upya. Mara ya tatu nikadhani pampu imekauka tena, nikaiongezea sifa.

Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka. Nikachukua malori mawili yenye afadhali, nikaomba Mungu duka liwe na giza. Mwenye duka akayabeba hadi mlangoni kwenye jua.

"Haya yameugua ndui," alisema, akanirudishia.

Mjomba alikuja Alhamisi, akakuta sufuria imepinduliwa juu chini. Dada aliondoka Ijumaa baada ya sala, na mashua ya Songo Songo. Mdogo wangu wa kiume aliuliza nani atanikanyagia pampu. Mjomba akamshika mkono.

Miezi ikapita. Yule fundi wa gereji alikuja mtaani kwetu kutengeneza lori lililoharibika, akaingia kwangu kuomba maji. Akauona ule mpira na pampu yake, akanusa. "Umetia samaki humu?" Akafungulia upepo juu ya kiganja chake, kiganja kikang'aa mafuta. Akaniambia rangi hukimbia mafuta; ngozi ilitaka tone moja, tena lifutwe. Hakucheka, na ingekuwa nafuu kama angecheka.

Niliuosha mpira kwa sabuni, nikaukausha, nikaweka pamba kwenye shingo ya bomba kunasa mafuta. Nilikanyaga peke yangu, nikakimbilia rangi, nikarudi kukanyaga. Ikashika. Haikuwa na jicho hata moja.

Lori lile la kwanza sikulipeleka Lindi. Nilikwenda nalo Nyangamara. Mdogo wangu alikuwa uani akianika korosho, akitaniana kwa Kimwera na watoto wa mjomba, maneno ambayo sikuyafahamu. Aliniamkia, nikamwitikia, nikampa lori. Alipitisha kidole juu ya boneti, akafungua mlango, akaufunga.

"Limepakwa lini, kaka?"

Nikamwambia ni juzi.

Akaufuta ule mlango kwa shati lake palipokuwa na alama ya kidole, akanirudishia lori kwa mikono miwili, kama mtoto aliyefundishwa kutoshika vitu vya wageni.